Kitambaa Nyuma ya Mashine ya Vyombo

Alhamisi ile bado naikumbuka, mwanangu, na kila inaponirudia huanzia puani. Harufu ya yai. Siyo yai bovu. Ni yai la kawaida la kukaanga ambalo limeliwa, sahani ikaoshwa, ikakauka, ikang'aa, na bado yai lipo. Mpaka leo naweza kupita kibanda cha chapati na mayai pale mjini Machakos nikajikuta nimesimama kama mtu aliyeitwa ofisini.

Najua hupendi nikikuita mwanangu. Tumepishana miaka saba tu, na watu wakituona pamoja hudhani ni dada wawili. Lakini wewe ni binti wa kaka yangu mkubwa, mimi ni shangazi yako, na Jumatatu unaanza kazi kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Ulikuja kuniuliza mashine inatumiwaje. Nikakuonyesha vitufe, nikakuonyesha namna ya kupanga sahani, ukaenda zako umeridhika. Kilichonipata mimi sikukuambia, kwa sababu ulikuwa unaniangalia kwa heshima na niliipenda ile heshima. Aya hii nimeiandika mara nne. Sasa naiacha ilivyo, niendelee kabla sijaogopa tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya wageni kule Lukenya, upande wa vilimani, mahali ambapo ukisimama dirishani jikoni unaona malori yakishuka na mawe kutoka machimboni. Wageni wetu walikuwa watu wa semina, watu wa harusi ndogo, na makundi ya makanisa yaliyokuja kufunga na kuomba, ambayo yakishamaliza kufunga hula kuliko wageni wengine wote.

Kabla yangu, vyombo vya nyumba ile vilioshwa na mtu mmoja. Aliitwa Mama Ndinda, mwanamke wa Muthetheni, wa umri wa nyanya yako ambaye ni mama yangu. Alikuwa na makarai matatu. La kwanza lilikuwa la maji ya moto na sabuni, la pili la kusuuzia, na la tatu alilijaza maji yaliyotoka jikoni yakichemka, akazamisha sahani humo kwa koleo la mbao na kuzitoa zikifuka mvuke. Hakuzipangusa. Alizisimamisha kwenye kichanja zikajikausha. Halafu, katika kila sahani kumi hivi, aliinua moja hadi puani, akavuta pumzi, akairudisha. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ana mafua.

Kisha mwenye nyumba akaleta mashine. Ilikuwa imetumika kwenye hoteli fulani iliyofungwa Nairobi, kitu cha chuma kinachonifika kifuani, chenye kifuniko kama sanduku ambacho unakivuta chini kwa mikono miwili. Unapanga vyombo kwenye trei ya plastiki yenye meno, unaisukuma ndani, unafunga, na baada ya dakika tatu unafungua. Fundi aliyeifunga alizungumza haraka, akatuachia kijitabu cha lugha ambayo hakuna aliyeijua, akaondoka. Bwana Kioko, meneja wetu, akauliza ni nani asiyeiogopa. Nikanyoosha mkono.

Mimi sikuwa nimesomea kitu. Nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya kompyuta niliyoiacha katikati. Lakini nilijifundisha, mwanangu. Nilisoma picha za kile kijitabu hadi kurasa zikaanza kuachana. Nilitazama video kwenye simu wakati wa mapumziko, nikirudia mahali pamoja mara sita, mara saba. Nilijua kwamba mabaki yanakwanguliwa kwanza, na kwamba sahani ya yai ikianza kwa maji ya moto yai linajipika upya na kushika zaidi, kwa hiyo inamwagiwa maji baridi kabla ya kuingia. Nilijua sahani zitazame kule maji yanakotokea na zisilaliane, bakuli ziiname, vijiko visikumbatiane. Kabla ya kufunga kifuniko nilizungusha kwa kidole ile mikono inayorusha maji, ya juu na ya chini, kuhakikisha hakuna mpini wa upawa unaoizuia. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari kwa kalamu za rangi tatu, na mistari nilipiga kwa rula.

Jikoni wakaniita Injinia. Wambua, mpishi mkuu, kila akinipita alisimama wima na kunipigia saluti akiwa na mwiko wa ugali mkononi. Nilijifanya nimeudhika. Jina langu Mutheu, kama unavyojua, kwa Kikamba ni msafi, na Wambua alikuwa akisema wazazi wangu waliiona mashine hiyo inakuja kabla sijazaliwa. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuogopa. Mtu wa aina yangu akisifiwa hapati usingizi, anabaki kuwaza siku ambayo sifa itakoma.

Mama Ndinda akahamishiwa kwenye kukwangua sahani. Alisimama upande wangu wa kushoto na mwiko wa mpira, akisukuma mabaki kwenye ndoo, akinipangia. Mwanamke wa kunizaa alikuwa akinipokeza sahani, na mimi niliona ni sawa.

Sasa nifike kwenye chumvi.

Yule fundi, kabla hajaenda, alinionyesha tangi dogo lililokuwa chini ya mashine. Akasema tulijaze chumvi ya mawe kila wiki, tena tusikose, na akatuachia magunia mawili. Alipoondoka nilicheka. Maji ya kisima cha Lukenya unayajua. Chai yake unaonja kitu kingine kabla ya majani, na shati ukilifua likikauka linasimama lenyewe kama katoni. Nikajiambia, maji haya tayari ni ya chumvi, nani tena aongeze chumvi juu ya chumvi? Fundi ametoka mahali penye maji matamu, hajui mambo ya huku. Nilimweleza Bwana Kioko kwa sauti ya mtu anayejua, naye akakubali, maana nilikuwa Injinia. Magunia tukampa mchungaji wa shamba la ng'ombe lililokuwa jirani. Ng'ombe walilamba wakafurahi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba chumvi ile haikuwa ya sahani. Ndani ya mashine kuna kitu kinachokamata chokaa ya maji kabla maji hayajapashwa moto, na chumvi ndiyo inayokisafisha kitu hicho kiweze kukamata tena kesho. Usipoiweka, kinajaa na kuchoka, na chokaa yote inapita. Kadiri maji yanavyokuwa mazito kama yale yetu, ndivyo chumvi inavyohitajika zaidi. Nilikuwa nimepindua jambo zima, na nilikuwa na hakika kabisa.

Mwezi wa pili tangu mashine ije, glasi zikaanza kutoka na ukungu mweupe. Mwanzoni ilikuwa moja moja. Kisha zote. Kisha sahani. Nilizitazama kwenye mwanga wa dirisha na kuzirudisha haraka, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kila mtu kuwa mashine haikosei. Nikaongeza sabuni, ukungu ukabaki. Ndipo nilipogundua kuwa kitambaa chenye siki kidogo kinauondoa. Unapangusa mara moja, glasi inang'aa kama mpya. Basi kila Mama Ndinda alipotoka na ndoo kumwaga mabaki kwenye shimo la nyuma, mimi nilichomoa kitambaa na kupangusa, sahani moja baada ya nyingine, haraka, sikio likiwa mlangoni. Niliposikia viatu vyake vya mpira nilikirudisha mahali pake, nyuma ya mashine, juu ya bomba.

Pale nyuma palikuwa na joto na unyevu. Mwanzoni nilikifua kila siku. Baadaye nilikifua nilipokumbuka. Mimi ambaye aproni yangu niliipiga pasi hadi kamba zake. Sikuwahi kukitazama kitambaa chenyewe, maana macho yangu yalikuwa kwenye sahani.

Na kulikuwa na namba. Mbele ya mashine kulikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha joto la maji ya mwisho, yale ya kusuuza. Fundi alisema yasishuke chini ya nyuzi themanini na mbili, kwa sababu hapo ndipo chombo kinaposafika kwa namna ambayo macho hayaoni. Mwanzoni ilisoma themanini na nne. Baadaye sabini na nane. Baadaye sabini. Wiki hiyo ninayokuambia ilikuwa sitini na moja. Ukutani palibandikwa karatasi ya kuandika namba hiyo kila asubuhi, na kila asubuhi, kwa mwandiko wangu mzuri, niliandika themanini na nne. Nilijiambia nitalishughulikia jambo hilo wageni wakipungua.

Mama Ndinda aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini kwamba sahani zina shombo, ile harufu ya yai au nyama inayobaki chombo kisipooshwa vizuri. Wapishi walikuwa karibu. Nikamjibu, "Mama, mashine haina pua. Iko na namba." Wakacheka. Hata yeye alitabasamu kidogo, tabasamu la kumaliza maneno. Mara ya pili aliniletea kikombe na kuniwekea mbele. Nikasema nitakiangalia, nikakipangusa alipogeuka.

Jumanne ya wiki hiyo ikaja kwaya moja kutoka Kithimani, watu arobaini, kwa siku nne za mazoezi. Walianza kuimba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, na nyumba nzima ilitetemeka vizuri. Jumatano umeme ukapotea wakati wa chai. Vikombe vilihitajika tena haraka, kwa hiyo Mama Ndinda aliteremsha makarai yake kutoka stoo na kuviosha kwa mkono, maji yakichemka kama kawaida yake. Sahani za mayai zikasubiri umeme. Zilikaa saa mbili zikikauka, halafu nikazipitisha kwenye mashine, nikazipangusa, nikazipanga.

Alhamisi nilipoingia kazini hakukuwa na kuimba. Nilisikia sauti moja tu nzito ikivuta mstari, ikakatika, ikaanza tena. Wambua aliniambia mlangoni kwamba watu tisa wameamka na tumbo. Wawili wamepelekwa zahanati. Waliobaki wamelala, na muuguzi mmoja wa kwaya yenyewe anawanywesha maji yenye chumvi na sukari. Aliniambia hayo bila saluti, akiangalia nyuma kuelekea ofisini, kwa sababu mpishi ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Saa tatu Bwana Kioko alitukusanya jikoni. Mwenye nyumba alikuwa amempigia simu mara tatu. Alianza na chakula. Wambua aliitetea kachumbari yake kama mtoto wake wa kuzaa. Kisha meneja akageukia vyombo. Alibandua karatasi yangu ukutani, akaisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini. Themanini na nne, themanini na nne, themanini na nne. Akasema hapo hakuna shida. Nikapumua. Halafu akaniangalia mimi, siyo mwingine, akaniuliza:

"Kuna vyombo vyovyote ambavyo havikupitia kwa mashine?"

Nikasema, "Ni vikombe vya jana asubuhi tu. Vilioshwa na karai."

Mwanangu, kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Nimelichunguza kwa miaka mingi nikitafuta uongo ndani yake na sijaupata. Na bado ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, kwa sababu nilijua atakakoangalia nikishalisema. Aliangalia huko.

Mama Ndinda alisema maneno machache tu. Alisema maji yalikuwa yanachemka, na Wambua aliyaona. Wambua akatazama sakafu. Bwana Kioko hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeshikwa na hofu, na mtu wa hofu akipata jibu halihoji. Alimwambia Mama Ndinda akapumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Sote tulijua katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuitwa. Gari ya mboga, ile iliyotuletea mboga kila siku, ingemshukisha stejini, penye matatu, saa nane. Kabla ya hapo amalizie sahani za asubuhi.

Kwa hiyo tulirudi chumba cha vyombo sisi wawili, na ilikuwa saa tatu na nusu.

Alikwangua, akapanga, akanipokeza. Nilivuta kifuniko, nikasubiri, nikafungua. Sitini na moja. Sahani zilitoka na ukungu wao na sikuweza kuzipangusa, kwa sababu safari hii hakutoka na ndoo. Ilijaa mpaka juu na hakutoka nayo. Upande wa pili wa uwanja waliobaki wa kwaya walikuwa wameanza mazoezi, na kwa kuwa waimbaji wengi wa sauti ya kwanza walikuwa wamelala, kila walipofika mstari fulani wimbo ulipasuka, wakarudi nyuma, wakaja tena, ukapasuka tena. Nilianza kuungoja mstari ule kwa woga, mabega yamenipanda masikioni. Nilitaka aseme kitu. Anitukane. Nilikuwa tayari na majibu matano.

Saa tano na kidogo alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka rafuni. Akavaa sweta lake. Halafu akaenda kwenye rundo la sahani za chakula cha mchana, zile za jana zilizong'aa, akachukua ya juu na kunisogezea.

"Nusa."

Nikasema iko sawa, nimeshaiangalia.

"Sijakuambia uangalie, mwiitu. Nusa."

Aliniita mwiitu, msichana, kama anavyoitwa binti wa nyumbani. Nikainusa. Yai. Na chini ya yai siki, na chini ya siki harufu ya kitambaa kilichokaa mbichi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema kama mwezi na nusu. "Kila nikitoka na ndoo, nikirudi napata sahani zimeng'aa kuliko vile niliziacha. Nikajiuliza, ni mashine gani hii inafanya kazi mimi nikiwa nje tu."

"Mbona hukumwambia Bwana Kioko leo?"

"Nani angenisikia? Mimi niko na pua. Wewe uko na karatasi." Akarudisha sahani juu ya rundo, polepole, isitoe sauti. "Tena nilikuwa nangoja nione kama utasema mwenyewe. Bado nangoja. Chombo kichafu hakinisumbui, nimeviosha maisha yangu yote. Kinachonisumbua ni kile kichafu umekipanga pamoja na visafi, mtu akakula nacho akikuamini."

Akafunga vifungo vya sweta.

"Gari yangu ni saa nane," akasema. "Sahani za watu ni saa sita na nusu. Mimi nitaangalia mambo ya gari. Wewe angalia ya sahani."

Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, mgongo kwa dirisha.

Ningependa kukuambia nilimfuata hapo hapo. Sikumfuata. Nilisimama nikiona picha. Baba yangu, ambaye ni babu yako, alikuwa amewaambia watu kanisani kwamba binti yake anaendesha mashine. Nikaona Wambua akilisimulia. Nikaona kurasa za daftari langu zikigeuzwa na watu wanaocheka. Halafu nikapata njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo ninayoionea aibu kuliko kitambaa. Niliteka maji kwenye sufuria kubwa, nikayabandika motoni, yakachemka, nikaanza kuzamisha sahani kwa koleo la Mama Ndinda. Wageni watakula kwa sahani safi, nilijiambia. Hakuna atakayeumwa tena. Wambua aliponiuliza nafanya nini nilimjibu ni hatua ya ziada ya usalama, na sauti yangu ilikuwa imara kabisa.

Nilifika sahani ya kumi na mbili. Nilipoinua kichwa nikaona mgongo wake kupitia dirisha, sweta limefungwa hadi shingoni kwenye jua la saa sita, na mfuko wake magotini. Nikaona ninachofanya. Nilikuwa naokoa sahani ili nimwache mtu aende. Nilikuwa nimeiba hadi njia yake ya kuosha, ile iliyotumiwa kumfukuza, nikiitumia kwa siri nibaki mimi.

Nilizima moto. Nikapeleka mkono nyuma ya mashine nikakitoa kitambaa, na kwa mara ya kwanza nikakitazama. Sitakueleza kilivyokuwa. Nikachukua ile karatasi ya namba ambayo meneja aliiacha mezani na sahani moja ya rundo, nikaenda ofisini. Bwana Kioko alikuwa kwenye simu. Niliweka kitambaa mbele yake, juu ya makaratasi yake, nikabaki nimesimama hadi akakata simu.

Niliyasema yote kwa mpangilio mbaya. Nilianza na ng'ombe, nikarudi kwenye siki, nikasahau namba, nikairudia. "Inasoma sitini na moja," nilisema. "Themanini na nne niliandika mimi. Vikombe vya Mama Ndinda havina makosa." Akachukua sahani akainusa. Akaiweka. Kule uwanjani wimbo ulipasuka mara mbili.

"Na asubuhi ulinijibu vile ukijua?"

"Nikijua."

Hakunipigia kelele. Alinipita, akaenda hadi kwenye benchi, na nilimwona akiinama akizungumza. Mama Ndinda alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akavua sweta, akaingia stoo na kuteremsha makarai. Hakuniangalia. Aliwaambia wapishi, "Hizo kumi na mbili zimechemka, wacheni. Zingine zote leteni." Alikuwa amezihesabu kwa sikio, bila kugeuza kichwa.

Wageni walikula saa saba na dakika ishirini. Gari ya mboga ilienda bila abiria.

Fundi alikuja Jumamosi. Alipoifungua mashine, koili ya kupasha maji ilikuwa imevaa ukoko mweupe mnene, kama mguu uliowekwa plasta. Akauliza chumvi iko wapi. Nikamwambia imeliwa na ng'ombe. Hakucheka, akanieleza taratibu yale niliyokuambia juu ya chokaa. Bwana Kioko hakunifuta kazi. Nilitamani anifute, ningemaliza haraka. Alimweka Mama Ndinda kwenye mashine na mimi kwenye ndoo ya mabaki, hadi hapo yeye Mama Ndinda atakapoamua. Ilichukua miezi mitano. Macho yake hayakuona vizuri zile namba ndogo, kwa hiyo kila asubuhi nilimsomea, na kila asubuhi, mbele ya jikoni nzima, aliniuliza, "Hiyo umeisoma ama umeiandika?" Wapishi walikufa kwa kicheko. Mimi nilijibu nimeisoma. Wambua hakunipigia saluti tena kamwe, na nitakuwa mkweli, hilo liliniuma.

Kisha asubuhi moja Mama Ndinda alisogea upande wa kushoto, akachukua mwiko wa mpira na kusema, "Leo ni wewe." Hatukulizungumza jambo hilo wakati huo wala baadaye. Sasa amestaafu yuko kwao Muthetheni, na sijawahi kusikia kwamba amemsimulia mtu.

Wale tisa walipona. Ijumaa kwaya iliimba ya kuaga, wengine wakiwa wameketi. Kama ni sahani zangu zilizowaumiza, mpaka leo sijui. Kule zahanati walisema inaweza kuwa maji, au kachumbari, au maziwa waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kwa muda mrefu nilitamani mtu aniambie ilikuwa kachumbari. Hakuna atakayeniambia. Kinachojulikana ni kwamba nilikuwa tayari mwanamke yule aende nyumbani na jina lililochafuka ili karatasi yangu isome themanini na nne.

Basi nisikilize, maana Jumatatu haiko mbali. Sahani ikwangue, usiioshe, kuosha ni kazi ya mashine. Ya yai na ya uji ianzie maji baridi. Usijaze trei kwa haraka ya kumaliza, maji yasipofika mahali, basi mahali hapo hapajaoshwa. Chujio lisafishe kila zamu hata kama umechoka, na maji ya kuoshea yabadilishe kabla hayajawa mchuzi. Weka chumvi, hasa huko kwetu, hasa maji yakiwa ya chumvi. Vyombo viache vijikaushe kwa joto lao, na ukijikuta unatamani kitambaa, simama uulize mashine ina tatizo gani. Nusa. Yule anayekukwangulia mabaki akikuambia kitu, zima mashine kwanza umsikilize, kwa maana ameshika kila sahani kabla yako.

Na namba ikishuka, andika iliyoshuka. Hili ndilo ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine. Wewe na mimi tumefanana, nimekuona ukifuta na kuandika upya hata orodha ya sokoni. Watu kama sisi tunadhani kosa dogo likionekana tumekwisha, kwa hiyo tunalificha, na kulificha kunahitaji kosa la pili, na siku moja la pili linahitaji mtu mwingine alipie. Liseme likiwa bado ni la sitini na moja, kabla halijawa la mtu. Ukiulizwa swali, usijibu neno la kweli ukijua litampeleka muulizaji mahali pa uongo. Na ukiona umeshachelewa, sema hivyo hivyo umechelewa. Saa sita mchana bado ni kabla ya saa nane.

Mungu akutangulie katika kazi hiyo, mwanangu. Akupe moyo wa kupenda usafi bila kuuogopa, na ulimi unaofika mapema kuliko aibu. Akuweke karibu na watu watakaokuambia ukweli ukiwa bado una muda wa kuutumia, na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kuujua, akupe upole wa kumngoja mwenzako auseme. Mikono yako ibarikiwe, na wote watakaokula kutoka kwenye sahani zako wainuke salama.